Siku Uliposema Umeitwa

Perpetua,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Uko hapo nyuma ya huu ukuta wa udongo, unamsuka Sabina nywele, na yeye analia uongo. Sasa hivi umemwambia, "Tulia wewe, kichwa kigumu kama cha baba yako," na wote mmecheka, halafu mkakumbuka niko ndani mkanyamaza. Nimesikia. Mmesema ukweli.

Niko kwa meza ya chakula, na kalamu ya Boni, na karatasi nilizong'oa katikati ya daftari lake bila kumwuliza. Alitaka kuniandikia. Akasema, "Baba, wewe sema tu, mimi nishike kalamu, tutamaliza mapema." Nikakataa. Unajua mimi nilisoma ngumbaru, nikiwa mtu mzima na ndevu, nikitoka kuchuma chai na vidole vimekuwa vyeusi, na bado nilikuwa wa kwanza darasani. Tulikuwa wazee wachache na mmoja alikuwa haoni vizuri, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Kama kuna herufi nimeruka, wewe iweke. Sitaki mtu asimame kati yangu na wewe mara hii. Neno moja lilipita kati yetu vibaya, na umeona kazi limefanya.

Mambo ya sweta, ya sabuni, ya kufunga mlango na kutokula vitu vya barabarani, mama yako amekwisha kukuambia tangu Ijumaa na atarudia kesho mpaka gari liondoke. Mimi hayo sina. Niko na haya mengine, na ni mazito kwa mkono wangu.

Hii Agosti imekuwa kama Agosti zote, na hiyo ndiyo inaniuma. Mvua ya saa nane. Ukungu wa asubuhi ukikaa juu ya majani chai kama mtu aliyekataa kuamka. Nyumba imejaa mpaka paka amehamia kwa ng'ombe. Tisa mlizaliwa na tisa mko hai, na hiyo nimejisifia mpaka hapa Sosiot watu wakiniona nafungua mdomo wanamaliza wenyewe: "Tisa, mzee, tunajua." Wavulana wanalala sebuleni kichwa kwa miguu, wasichana wamebanana chumba cha nyuma, na ile sufuria kubwa ya matanga ndiyo inapika githeri ya kila siku, mahindi na maharagwe. Jumapili viatu vinakwenda Misa mara mbili. Wa Misa ya kwanza wanarudi mbio, wanavivua mlangoni, na wa Misa ya pili wanavivaa vikiwa bado na joto. Padre aliwahi kusema anavijua viatu vya kwangu kuliko anavyozijua nyuso.

Na jioni, rozari. Hapo nyumba yote inakaa chini, hata anayesinzia. Kila mtu na tendo lake. La kwanza langu, la pili la mama yenu, la tatu la Boni, la nne lako, la tano wadogo wanapokezana na kugombana. Hilo la nne ulilichukua ukiwa huwezi hata kutamka "Bikira Maria anapalizwa mbinguni." Ulikuwa unasema "anapalilia mbinguni." Kaka zako walicheka, mimi nikawaambia wakuache, kama kuna shamba mbinguni ni lazima mtu apalilie. Tangu hapo halijawahi kusemwa na mtu mwingine ukiwa nyumbani. Mpaka Agosti hii.

Nirudi mwanzo.

Ile asubuhi nilikuwa katikati ya mistari yetu, kikapu mgongoni, naona tu kofia ya mama yako upande wa juu. Ukaja mbio kutoka barabarani, simu mkononi, umelowa umande mpaka magotini. Ukapiga kelele, "Baba! Nimeitwa! Masista wameniita!"

Perpetua, wewe ulikuwa unasema kama vijana wanavyosema. Chuo kikikubali mtu, mtu ameitwa. Barua yake ni ya kuitwa. Najua sasa. Lakini mimi ni mtu wa kanisa. Kila Jumapili tunaombea miito, na mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya, ndiye ninasimama kuombea kwa sauti. Kuitwa, kwangu, ni kitu kimoja. Na tena kuitwa na masista! Miaka yote nilikuwa namwambia Mungu, "Umenipa tisa, chukua hata mmoja, mimi sitalalamika." Nikaona amechukua. Ningekuuliza swali moja tu, "Umeitwa kufanya nini?" mambo yangeisha hapo hapo kati ya majani. Sikuuliza. Nilivua kofia nikaitupa juu, na kabla hujafunga mdomo mimi nilikuwa nimefika juu kwa mama yako, na kabla ya chai ya saa nne nilikuwa sokoni.

Kitu cha kwanza nilichofanya sokoni ni kumtafuta Barnaba.

Barnaba ni jirani yetu na tumebatizwa siku moja, kwa hiyo ungefikiri tunapendana. Kijana wake alikwenda seminari akatoka kabla ya kumaliza, akawa mwalimu wa hesabu. Na mimi tangu hapo, nikimwona Barnaba mbele ya watu, namwita "Baba wa Padre Nusu." Watu wanacheka. Hata yeye alikuwa anacheka kidogo. Hiyo siku nilimkuta kwa duka la dawa za ng'ombe nikamwambia, "Baba wa Padre Nusu, njoo umsalimie Baba wa Sista Mzima." Alinipa mkono. Akasema, "Hongera, mzee. Kwa kweli hongera." Nilimwona macho yakishuka, na ikanifurahisha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ilinifurahisha.

Wewe ulijaribu kuniambia. Sitasema hukujaribu. Jioni hiyo ulikuja nikinoa panga.

"Baba, ile maneno ya masista..."

"Nyamaza, Mama. Wito hauongelewi sana, unaharibika."

"Lakini Baba, siyo vile..."

"Hata Bikira Maria aliyaweka moyoni. Nenda ulete maji."

Ukaenda ukaleta maji. Siku nyingine ukanifuata mpaka kituo cha majani, tukingoja lori la kiwanda, na mimi badala ya kukusikiliza nikakushika bega nikakugeuza kwa watu kama mtu anauza ndama: "Huyu ndiye. Mtazameni vizuri, baadaye mtamwona kwa kitambaa kichwani." Ulitazama chini. Mimi nikasema kwa sauti, "Mnaona unyenyekevu?"

Mama yako alinionya. Unajua yeye hasemi sana. Aliniambia tukila, kwa hiki Kiswahili chetu ambacho mimi na Kisii yangu na yeye na Kipsigis yake tulikutania katikati: "Wewe unataka mtoto aende mbinguni ili wewe upite mbele ya Barnaba." Nilimwambia Wakipsigis hawaelewi mambo ya wito. Yeye alibatizwa kabla yangu.

Mpaka hapo unaweza kusema mzee alisikia vibaya, masikio yamezeeka. Watu wote wanasema hivyo, na nimewaacha waseme kwa sababu ni rahisi kwangu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hujui, na mama yako hajui, na ndiyo maana nilikataa kalamu ishikwe na Boni.

Siku chache kabla ya sikukuu ya Kupalizwa nilikuwa nakamua ng'ombe. Wewe na Boni mlikuwa nyuma ya zizi mkikata majani ya ng'ombe, hamkujua niko. Ukasema, "Boni, overoli nitapata wapi? Wamesema ni ya bluu, na viatu vya ngozi, na plaisi ya kukatia waya."

Boni akasema, "Sista wa overoli! Mzee utamwambia lini?"

"Nimejaribu. Ananiambia wito hauongelewi."

"Basi utapanda nguzo ya stima na rozari shingoni. Masista watasema, shuka mtoto, ni saa ya sala ya Malaika wa Bwana."

Mlicheka mpaka ukakohoa. Mimi niliacha kukamua. Ng'ombe akapiga ndoo teke maziwa yakamwagika, na nikamtukana ng'ombe kwa sauti ili mjue niko mbali na mambo yenu.

Kwa hiyo nilijua, Perpetua. Nilijua masista wana chuo cha ufundi, na wewe umeitwa kusomea stima, ufundi wa umeme, na hakuna kitambaa cha kichwa. Neno nililikosea mara ya kwanza. Mara ya pili sikulikosea. Ningeweza kuzunguka zizi na kusema, "Kumbe ni stima, mwanangu, mbona hukusema?" Tungecheka watatu. Lakini Misa ya jumuiya ilikuwa inakuja kwetu nyumbani siku ya sikukuu, padre amekubali, akina mama wa kanisa wamenunua kitambaa cheupe, na mimi nilikuwa nimetengeneza hotuba kichwani, nzuri sana, naisema nikitembea. Nikafikiri hivi: wakijaa hapa wote, na padre amekaa, na zawadi ziko mezani, huyu mtoto ana heshima, hataweza kusema hapana. Atasema ndiyo. Baadaye atazoea.

Nilitaka uone haya, ili haya yako inifanyie kazi yangu. Sijui kama kuna jina la kitu hicho kwa kuungama. Jana nilipokwenda kwa padre nilikieleza tu hivyo hivyo kilivyo.

Siku yenyewe unaikumbuka, lakini acha niiandike na upande wangu. Watu walijaa mpaka kwenye majani. Mlipika tangu alfajiri. Barnaba alileta sanduku, lile la ngozi ngumu lenye kona za chuma, na mimi nikaliona nikajua ni lile kijana wake alienda nalo seminari. Alikuwa amelisugua na mafuta. Nikasimama. Nikasema mimi nilitoka Kisii na shati moja nikaja kwa chai, nikachuma kuliko wanaume wa laini nzima ya wachumaji, nikazaa tisa, na leo katika tisa Mungu amenyoosha kidole. Nikamtazama Barnaba nikasema kuna watu Mungu aliwanyooshea kidole akakirudisha. Padre alikohoa. Sikuelewa kikohozi.

Halafu padre, kwa upole, akakugeukia. Ulikuwa umeshika birika kubwa, unamimina chai. "Perpetua, hongera. Ni shirika gani la masista umechagua?"

Ukasema, "Padre, naomba msamaha. Mimi naenda chuo chao. Nimeitwa kusomea stima."

Akina mama wa kanisa wakaangalia kitambaa chao cheupe. Na Sabina, huyu unayemsuka, akaruka kutoka kwenye mkeka: "Dada atatuletea stima! Itatoka kwa Barnaba ije kwetu!"

Hapo watu walicheka, Perpetua, na hawakunicheka kwa ubaya. Walicheka kwa sababu wote wanajua nguzo ilisimama kwa Barnaba miaka mingi, na mimi nilikataa kumwomba apitishe waya kwake, nikasema koroboi inatosha, mababu zetu hawakuwa na stima. Mmesoma nyote kwa koroboi kwa sababu mimi sikutaka kusema "naomba" kwa Barnaba. Barnaba mwenyewe hakucheka. Ndiye peke yake.

Na mimi ningecheka na wao, ingeisha. Badala yake nikasema, mbele ya padre na birika na kitambaa cheupe, "Huyu amenidanganya. Nimelea mwongo ndani ya nyumba yangu."

Nilisema hivyo nikijua. Uliweka birika chini polepole, kama mtu anaweka mtoto aliyelala, ukaingia jikoni. Chai ya watu waliobaki alimimina mama yako.

Sasa haya mengine unayajua kwa sababu umeyala kila siku. Tangu hapo sijakuita jina. Wewe umebeba jina la mama yangu, Kemunto, na tangu ukiwa mchanga nakuita Mama, na ukinijibu "Naam, Baba" nasikia kama watu wawili wameitika. Sasa nimekuwa nasema "huyo." Sabina, mwambie huyo alete chumvi. Sabina, mwambie huyo kikapu chake kina majani mabovu. Na hakikuwa na majani mabovu.

Na rozari. Siku ile ya kwanza, Boni alipomaliza tendo la tatu, wewe ulivuta pumzi uanze. Mimi nikaingia mbele yako nikaanza la nne mwenyewe. Boni akasema, "Baba, hilo ni la Pepe." Nikamwambia, "Itika." Wakaitika. Na wewe pia uliitika. Sauti yako niliisikia kati ya zote, ukinijibu Salamu Maria niliyokuibia. Kila jioni nimefanya hivyo. Nimeruka mtoto wangu kwa sala, halafu nikafanya ishara ya msalaba nikaenda kulala.

Nikwambie kitu cha zamani kidogo, halafu nitarudi.

Nilipokuwa kijana kwa kampuni ya chai, nilikuwa na mikono ya haraka, hiyo si majivuno, uliza mtu yeyote. Lakini kuna siku nilishindana na jamaa fulani, nikawa nachukua kila kitu, jani gumu, kijiti, mimi nataka tu kikapu kijae mbele yake. Sheria ni majani mawili na kichipukizi. Karani wa mizani aliweka mkono ndani ya kikapu changu, akatoa kijiti, akakinyoosha juu watu wakione, akageuza kikapu chote akamwaga chini kwa matope. "Chambua," akasema. Laini nzima imesimama inatazama. Mimi nikakunja mikono. Nilikuwa tayari kuacha kazi, kurudi Kisii, kufa, lakini si kuchutama. Ndipo msichana mmoja mwembamba wa Kipsigis, tulikuwa hata hatujasalimiana, akaweka kikapu chake kando akachutama, akaanza kutoa majani mabovu yangu moja moja. Hakuniangalia. Nilisimama pale kama nguzo mpaka nikaona mikono yake imejaa matope yangu. Nikachutama. Tulichambua mpaka lori likaondoka bila sisi.

Hivyo ndivyo nilivyompata mama yako. Hiyo hadithi nimewasimulia mara nyingi, lakini nilikuwa nasema karani alinionea. Hakunionea.

Juzi nilifikiria hayo majani kwa matope. Nikachukua sanduku la Barnaba nikaenda kwake kulirudisha. Nilipita njia ya chini ili watu wasinione, unanijua. Alikuwa anapanga kuni.

Nikasema, "Barnaba, sanduku lako. Lilikuja kwa sista, na sista hakuna."

Akasema, "Kwani msichana haendi tena?"

"Anaenda."

"Atabeba nguo kwa mkono?"

Akaendelea kupanga kuni. "Hilo sanduku lilienda seminari likarudi. Halina kosa. Kaa chini, mzee, mbona umesimama kama polisi?"

Nikakaa. Nikamwambia maneno ya Padre Nusu nimeyaacha, na yale ya kidole, naomba anisamehe. Hiyo "naomba" ilinitoka kama jino. Akasema hivi, na ninaandika kama alivyosema:

"Wewe ulinicheka sokoni, ikauma, ikapoa. Hiyo usihesabu. Kijana alipotoka seminari mimi sikuongea naye. Mwaka mzima. Alikuwa anakuja, ananisalimia, mimi naangalia ng'ombe. Baadaye nikachoka, nikaanza kuongea, lakini yeye alikuwa amekwisha zoea. Sasa ana mke, ana gari, anakuja kwa matanga tu. Na akija anakunywa chai amesimama. Pale mlangoni, kikombe mkononi. Namwambia, kaa. Anasema, niko sawa, Baba, nina haraka. Kila mara ana haraka."

Akanirudishia sanduku mkononi. "Peleka. Na waya wa stima utaniomba lini?"

Nikamwambia, "Mimi sikuombi. Atakuja kukuomba binti yangu, amevaa overoli, fundi wa stima ambaye hajawahi kuonekana Belgut nzima!"

Unaona? Nimeanza tena. Barnaba alicheka mpaka akaangusha kuni. Nilitoka kwake nikapita katikati ya soko na sanduku kichwani.

Nilitaka kukuambia siku hiyo hiyo. Nilifika nikakukuta unaosha vikombe, nikamgeukia mdogo wako, nikasema, "Sabina, mwambie dada yako sanduku ni lake." Nilisema "dada yako." Kwangu ilikuwa safari ndefu kutoka "huyo" mpaka hapo. Kwako labda haikuwa kitu.

Lakini leo asubuhi, Perpetua. Mmetoka Misa ya kwanza, umevua viatu ukampa mdogo wako, ukaingia. Wote wamekaa, nafasi yako iko pale kwenye benchi. Mama yako akakupa kikombe. Ukakishika, ukaegemea mlango, ukanywa chai umesimama. Mama yako akasema, "Kaa." Ukasema, "Niko sawa, Mama. Niko na haraka ya kupanga vitu."

Mimi nilikuwa naangalia mkate. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku mawe ya mvua yalipokata shamba lote.

Kwa hiyo sikupi mashauri. Mtu aliyefanya niliyofanya hana mashauri. Nakwambia tu nilivyoona kwangu: siku mbaya ilikuwa ile ya zizi, wala si ya sikukuu. Pale nilikuwa peke yangu na ndoo, hakuna aliyenicheka, ningeweza kuzunguka ukuta. Huko uendako utakosea waya, kila fundi hukosea. Ukijua umekosea na hakuna mtu ameona, zunguka ukuta hapo hapo. Baadaye watu wakijaa inakuwa ngumu sana.

Na mwongo hukuwa wewe. Nitasema hivyo pia mbele ya jumuiya, Jumapili ijayo, nikiwa nimesimama pale pale. Hutakuwepo kusikia. Boni atakuambia kama nimesema au nimezunguka zunguka.

Ile redio uliyoifungua ukiwa mdogo, nikakuchapa, halafu ikaanza kuongea vizuri kuliko zamani, niliwaambia watu nimeitengeneza mimi. Uongo huo pia niuondoe.

Mvua imekatika. Nasikia mama yenu anawaita ng'ombe. Nitampa Sabina hizi karatasi akuletee sasa, akimaliza kulia, kabla hatujakaa kwa rozari. Nataka uwe umesoma. Leo ni Jumapili, ni Matendo ya Utukufu, na la nne ni lile la Kupalizwa, lile lako la kupalilia. Boni akimaliza la tatu mimi nitanyamaza. Halafu nitakuita. Nitasema "Mama," kama zamani, watu wote wakisikia.

Labda hutaitika. Ukikaa kimya sitalichukua hilo tendo, na sitampa mtu mwingine. Nitangoja, na nyumba yote itangoja, na wadogo watalala hapo chini kwenye mkeka na rozari mkononi, na ugali utapoa. Nina kichwa kigumu, umesema mwenyewe.

Kesho sanduku nabeba mimi mpaka barabarani, kupitia sokoni. Usibishane.

Lakini leo, Mama, nakuita. Njoo ukae.

Baba yako